Makumbusho ya Pwani: Mwongozo kwa Familia Zetu za Pipeline



Shule zikifungwa, huku Pipeline kwetu utaona dalili. Mabegi yanateremshwa ngazi kutoka gorofa ya sita, mama anamwachia jirani ufunguo, na watoto wameshavaa nguo za safari tangu adhuhuri ilhali basi ni la usiku. Familia za Pwani zinakwenda nyumbani. Wengine Kilifi, wengine Kwale, wengine Lamu na visiwa vyake.

Mtaa wetu umepata jina lake kwa bomba la mafuta linalotoka Mombasa hadi Nairobi, ambalo limekuwa likisukuma mafuta tangu mwaka 1978. Kwa hivyo kitu cha Pwani kilifika hapa kitambo, na watu wa Pwani wakafuata kutafuta riziki. Sasa tuna watoto waliozaliwa hapa. Kiswahili chao ni cha mtaani, bahari wanaijua ya likizo, na nyumba wanayoijua ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Wakienda nyumbani wanaogelea, wanakula harusi, wanalala kwa bibi, kisha wanarudi. Mwulize mmoja wao ni nani aliyejenga Gede, au siwa ni kitu gani. Atakutazama tu.

Makala haya ni mwongozo wa kutembelea makumbusho na magofu ya Pwani, hasa yale ya mashambani na visiwani ambayo tunayapita kila mwaka tukiwa ndani ya matatu. Nitaeleza yaliko, kilichomo, namna ya kufika na adabu zake. Lakini kabla ya yote nina neno moja ambalo nataka lishikwe: usiende makumbusho bila mzee. Mchukue bibi, babu, khaloo au ami, umlipie kiingilio, mwende naye. Sababu yake itaonekana tukifika Lamu.

Kwanza hapa hapa Nairobi

Kabla hujafunga safari, wazoeze watoto. Jumapili moja panda matatu hadi mjini uwapeleke Makumbusho ya Taifa kule Museum Hill, yaliyofunguliwa hapo mwaka 1930. Siku nyingine wapeleke Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo kubwa la katikati ya mji ambalo zamani lilikuwa benki. Chini kuna ukumbi wa vitu alivyokusanya marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Vingine katika mkusanyo wake viko Nairobi Gallery, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Watu walilitania jengo hilo kuwa ni la kuzaliwa, kuoana na kufa, kwa sababu hati zote tatu zilitoka hapo.

Mtoto aliyezoea kusimama mbele ya kitu kimoja kwa dakika tano akakitazama, hatakusumbua ukimfikisha Gede.

Malipo na vitambulisho

Makumbusho mengi ya Pwani yako chini ya shirika la serikali la Makumbusho ya Taifa. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Kwa hivyo beba kitambulisho chako na cha mzee wako. Siku hizi malipo ya serikali hupitia eCitizen kwenye simu, basi hakikisha simu ina chaji na laini ina pesa kabla ya kufika mlangoni. Sitaandika bei hapa kwa sababu hubadilika. Ila niseme hili: kwa familia ya watu watano, kiingilio cha raia aghalabu si kitu cha kukuzuia. Kinachotuzuia ni ile fikra kwamba pale ni mahali pa watalii.

Rabai na kaya

Ukisafiri kwa treni utapandia Syokimau, si mbali na Pipeline, na kituo cha mwisho ni Miritini. Wenye basi hupita Mariakani na Mazeras. Hapo Mazeras ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Rabai. Kwa hivyo Rabai ndiyo makumbusho ya kwanza ya mashambani kwa mtu atokaye Nairobi, na ndiyo tunayoipita usingizini.

Rabai ina makumbusho madogo ya kumkumbuka Johann Ludwig Krapf, mmisheni Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwenzake Rebmann alimfuata mwaka 1846, na wakaweka makao yao Rabai. Msomaji Mwislamu ataniuliza, tunakwenda kutafuta nini kwa mmisheni? Jibu langu ni kwamba Krapf alikaa akisikiliza watu wa Pwani wakizungumza, akaandika. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Maneno ya wazee wetu yamo humo, na mengine hata sisi tumeshayasahau. Isitoshe, Rabai baadaye ilikuwa kimbilio la watumwa walioachiliwa huru na waliotoroka mabwana zao. Hiyo ni habari ya Pwani yote, haina dini moja.

Karibu na hapo kuna kaya ya Warabai. Kaya ni misitu ambamo Wamijikenda walikuwa na vijiji vyao vya asili vyenye ngome, na leo ni mahali patakatifu panapolindwa na wazee. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huko hakuna tikiti wala lango la chuma. Kaya huingiwi ovyo: unakwenda kwa wazee kwanza, unaeleza shida yako, na wao ndio wanaoamua siku, njia na mavazi. Wakikuambia sehemu fulani haipitwi, haipitwi.

Kusini: Kinondo, Shimoni na Wasini

Wenye asili ya Kwale wana mambo yao. Kaya Kinondo, ya Wadigo, iko karibu na Diani, na wazee wake wamekubali kupokea wageni kwa utaratibu. Utafungwa kitambaa cheusi kiunoni, utaongozwa na mwenyeji, na utaelezwa mti huu ni dawa ya nini na ule unaogopewa kwa nini. Mtoto wa Pipeline, ambako mti ni bahati kuuona, atajifunza saa moja hapo kuliko kitabu kizima cha sayansi.

Mbele zaidi ni Shimoni. Jina lenyewe linatokana na pango la mawe lililo karibu na bahari. Wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja jahazi, na bado kuna minyororo ndani. Pango linaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na pesa za kiingilio husaidia mambo ya kijiji. Ng'ambo yake ni kisiwa cha Wasini, ambapo kikundi cha akina mama kimejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko. Hao mama hawakungoja mtu kutoka Nairobi aje awajengee makumbusho. Walitazama walichonacho, wakapiga misumari, wakaweka mlango.

Mombasa: Ngome

Ngome Kuu, au Fort Jesus kama iitwavyo, iko mjini lakini siwezi kuipita. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 hadi 1698, wakaitwaa. Waingereza waliifanya jela, na hali ikawa hivyo hadi mwaka 1958. Mwaka 2011 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Ndani yake kuna vitu vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, iliyozama hapo mbele mwaka 1697 ikiwa imeleta msaada kwa waliozingirwa. Pia kuna vitu vilivyochimbwa katika magofu ya mashambani. Ndiyo maana nashauri muanze nayo: mtaona vyungu na shanga kwenye kabati, kisha mkienda Gede mtaona nyumba zilizokuwa na vitu kama hivyo.

Jumba la Mtwana, Mnarani na Gede

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ni kama uzi uliotungwa magofu. Ukivuka daraja la Mtwapa, kibao kitakuelekeza upande wa bahari kwenye Jumba la Mtwana. Ni mji wa karne ya 14, wenye misikiti minne na nyumba chini ya mibuyu, ukingoni mwa maji. Kando ya birika la msikiti kuna mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Waonyesheni watoto hayo mawe. Aliyesugua mguu wake hapo miaka mia sita iliyopita alikuwa akijitayarisha kwa sala ile ile tunayosali sisi katika msikiti wa mtaani. Hapo pana na kaburi lenye aya ya Kurani kuhusu mauti. Mwache mtoto ajaribu kuisoma.

Kilifi, kusini ya mkono wa bahari, kuna Mnarani. Jina linatokana na kaburi la mnara, yaani kaburi lililosimamishiwa nguzo ya mawe, aina ya kaburi inayojulikana sana katika mwambao wetu. Ukisimama pale juu unaona maji yote ya Kilifi chini yako.

Kisha Gede, kilomita kama 16 kusini ya Malindi, pale panapochepuka barabara ya Watamu. Matatu zote za Malindi zinapita. Mji huu ulikaliwa tangu karibu karne ya 12 hadi ya 17, na sasa umo ndani ya msitu, nyani wakicheza juu ya kuta. Ulitangazwa kuwa mnara wa kihistoria mwaka 1927, na James Kirkman akachimba hapo kuanzia mwaka 1948 kwa miaka kumi. Julai 2024 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia. Jina Gede husemwa kuwa ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani.

Kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani: nyumba ya makasi, nyumba ya kauri, nyumba ya kisanduku cha pembe, nyumba ya sarafu za China. Huhitaji hotuba ndefu kumweleza mtoto kwamba babu zake walifanya biashara na China. Mwonyeshe nyumba ya sarafu.

Nami nitawaambia kilichowashangaza watoto wangu pale. Si jumba la mfalme wala si sarafu. Ni vyoo. Nyumba za mawe za Gede zilikuwa na choo chake ndani, na pahala pa kujitahirishia. Sisi katika ploti yetu, gorofa nzima yenye vyumba kumi na mbili inatumia vyoo viwili, na maji ni ya kubeba kwa mitungi siku ambazo mfereji umekauka. Binti yangu aliniuliza, "Baba, hawa walikuwa matajiri?" Nikamwambia baadhi walikuwa nazo, wengine walikaa nyumba za udongo na makuti ambazo hazikubakisha alama. Akanyamaza, kisha akauliza, "Basi sisi tungekaa wapi?" Swali hilo halimo katika kibao chochote, na ndilo lililofanya safari yetu iwe na maana.

Kwa nini watu waliuhama mji ule? Wataalamu wanataja mambo kadhaa: visima kukauka, vita, na kuhama kwa makabila kutoka kaskazini. Wote hawajakubaliana juu ya moja. Msiwafiche watoto jambo hilo. Ni vizuri wajue kwamba historia bado ina kazi ya kufanywa, na huenda ikafanywa na wao.

Lamu na visiwa vyake

Safari ya Lamu ni ndefu. Basi linapita Malindi, Garsen na Witu, linaishia Mokowe, kisha boti. Ulizia hali ya barabara kabla ya kuondoka na usafiri mchana.

Mji wa kale wa Lamu uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001. Makumbusho ya Lamu yako mbele ya bahari, katika nyumba ya karne ya 19 waliyokaa wakuu wa serikali ya Kiingereza, na yamekuwa wazi kwa watu tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Humo mna siwa ya Pate, pembe ya kupulizwa iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ndefu kupita mtu, ya karne ya 17. Siwa haikupulizwa na kila mtu. Ilitoka kwa arusi na sherehe za watu wenye haki nayo, na sauti yake ilikuwa ni tangazo la heshima ya nyumba. Katikati ya mji kuna ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ikawa jela hadi mwaka 1984. Na kuna posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa mwaka 1888 na kufungwa mwaka 1891.

Lakini pahala ninapotaka mwende kwa utulivu ni nyumba ya Waswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya ikawa makumbusho. Ni ndogo. Mgeni aliyeingia peke yake huitazama kwa dakika kumi akatoka. Tulipokwenda sisi tulikuwa na khaloo yangu, mtu wa miaka sabini na kitu, aliyelelewa katika nyumba kama ile. Tulikaa karibu saa mbili.

Alianza nje. Akatuambia hapa ni daka, mahali pa wanaume kukaa na kupokea watu wa njiani. Ukiingia ni tekani, mlango uliopinda makusudi ili mpita njia asione ndani. Kisha kiwanda, ua wa wazi. Halafu msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vyembamba kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia. Nyuma yake ni ndani, chumba cha wenye nyumba. Ukutani kuna zidaka, vile vishimo vingi vya kuwekea vyombo vya kauri. Mgeni wa kulala ana chumba chake, sabule, asiingiliane na watu wa nyumba.

Tulipofika mwisho kabisa, chumba kidogo chenye giza, akasita kidogo. "Hii ni nyumba ya kati," akasema. "Hapa ndipo mama zenu walipozalia, na hapa ndipo maiti wakioshwa." Watoto wakanyamaza. Mlinzi wa makumbusho, kijana mwenye adabu, alisimama mlangoni akisikiliza naye.

Hii ndiyo sababu nasema mchukue mzee. Vitu viko salama kwenye kabati na kuta zimesimama. Kinachopotea ni majina na matumizi, na hayo hayamo ukutani, yamo vichwani mwa watu ambao kila mwaka tunawazika. Nimeingia katika makumbusho moja, sitayataja, nikakuta maelezo yote kwa Kiingereza, na chombo ambacho bibi yangu alikuwa nacho jikoni kimeandikwa "kifaa cha nyumbani" basi. Anayelijua jina lake alikuwa amekaa nje kwenye benchi akitungoja, kwa sababu tulidhani hatakuwa na haja ya kuingia.

Baada ya nyumba ile, hata chumba chetu cha Pipeline nilikiona upya. Pazia letu la katikati ndilo tekani na ndilo msana. Mgeni anakaa upande wa mlango, mke wangu na mabinti upande wa kitanda, na hakuna avukaye bila kubisha. Tulifanya hivyo miaka yote tukidhani ni dhiki ya nafasi. Kumbe ni adabu ya nyumba ya mawe iliyofinywa ikaingia katika futi kumi kwa kumi. Watoto wakilijua hilo hawataona haya chumba chao wala asili yao.

Wenye muda wavuke hadi visiwani. Takwa, kisiwa cha Manda, ni mji uliohamwa katika karne ya 17. Msikiti wake una nguzo juu ya kibla, na watu wa Shela, ambao asili yao inahusishwa na mji huo, bado huenda kufanya ziara na kuomba mvua. Boti hufika maji yakijaa tu, kwa hivyo mwulize nahodha saa za maji. Siyu, kisiwa cha Pate, kuna ngome ya karne ya 19 iliyojengwa na wenyeji wenyewe kujihami na sultani wa Zanzibar. Mji huo ulisifika kwa wanazuoni, kunakili misahafu, ufundi wa ngozi na uchongaji. Tumezoea kuambiwa kwamba kila ngome ya Pwani ilijengwa na mgeni. Siyu ni jibu.

Vilivyo mbali na nyumbani

Mtoto atauliza, vyote viko hapa? Mwambie kweli: hapana. Vigango, zile mbao za kuchonga ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliokufa, viliibwa kwa wingi makaburini vikauzwa kwa watalii na kuishia katika makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudi: mwaka 2019 vililetwa Nairobi vigango 30 kutoka makumbusho ya Denver. Ngoma takatifu ya Wapokomo, ngadji, ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ikaishia ghala la British Museum kule London.

Kurudi kwa kitu kuna masharti yake. Kigango hakina maana kabatini, kina maana pale kiliposimamishwa, mbele ya jamaa zake. Ili kirudi pale, lazima kuwe na mtu wa kusema: hiki ni cha babu yangu fulani, kilisimama mahali fulani. Ukikatika ukumbusho huo, hata ndege ikikileta haitajua ikishushe wapi.

Adabu za kutembelea

Magofu ya misikiti ni misikiti. Vaa nguo za heshima, usipande kibla kupiga picha, na kama utaona vema kuvua viatu, vua. Makaburini toa salamu na uwaombee. Usikalie kaburi wala kuegemea nguzo.

Usiokote kitu. Kigae, ushanga, hata kipande cha kauri kidogo kama ukucha, kiache kilipo. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na mchimbaji hujua mengi kwa mahali kigae kilipolala kuliko kwa kigae chenyewe.

Piga picha za majengo, lakini watu waombe ruhusa, hasa akina mama wa visiwani na wazee wa kaya. Mpe mwongozaji wa kijiji chochote ulichonacho, kwa sababu wengi hawana mshahara.

Panga safari isigongane na sala ya Ijumaa wala jua la saa saba. Ukiwa na bahati ya kufika Lamu wakati wa Maulidi, mji mzima ni makumbusho yaliyo hai, ila nyumba za wageni hujaa mapema.

Kazi ya mtoto

Mpe kila mtoto daftari na kazi ya mambo matatu kwa kila mahali. Aandike jina la kitu kimoja kama mzee alivyolitamka, kwa lahaja yake, si kama kibao kilivyosema. Aandike kilitumika na nani na wakati gani. Aandike kama nyumbani kwetu bado tunacho, au kimekwenda wapi. Mkubwa aliye na simu amrekodi mzee akieleza, kwa idhini yake.

Mkirudi Pipeline, daftari hizo zisitupwe na vitabu vya mwaka uliopita. Zikutanisheni. Tuna madrasa, tuna vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, tuna vyama vya mazishi ambavyo kila mwezi vinakusanya pesa za kusafirisha maiti kwenda nyumbani. Kikundi kinachoweza kukodi basi la kumpeleka marehemu Kilifi kinaweza, mara moja kwa mwaka, kukodi basi la kuwapeleka walio hai Gede pamoja na wazee wao. Likizo ya Disemba ni ndefu ya kutosha. Anzeni kuchanga sasa, na nafasi ya kwanza ndani ya basi iwe ya bibi.